Bomba la Inchi Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Fundi Musa amechelewa tena. Amekula kwanza ugali na mlenda, ndipo akapanda darini. Joto la leo halifai hata kwa mbuzi.

Mashine ya hewa ni moja, imefichwa juu ya dari. Mchana inapoza, usiku wa Julai inapasha moto. Mabomba ndiyo yanayogawa hewa: sebuleni na chumbani kwangu. Kiinua mgongo changu cha ualimu kimeishia humo. Majirani hapa Nzuguni wametundika AC ukutani. Mimi sitaki kitu cha kudondoshea wageni maji.

Fundi alitaka kupima vyumba. Nimemwambia aweke bomba la inchi sita, jembamba, lisijaze dari. Akasema inawezekana. Kwa Fundi Musa kila kitu kinawezekana.

Jumatano, 8 Oktoba

Imewashwa. Inapiga mluzi. Taarifa ya habari nimeitazama bila kusikia neno. Chumbani baridi haijafika.

Binti yangu Neema kasema hewa ni nyingi na bomba ni jembamba, lazima lipige kelele. Kayasoma kwenye simu. Ananifundisha mimi, niliyefundisha Sayansi mpaka nikastaafu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kwao Elia, kijana wa Neema, wametuma ujumbe. Wanaleta posa ya Neema Jumamosi ya wiki ijayo. Mshenga wao ni Mzee Lukas, dalali wa mahindi Kibaigwa.

Naogopa. Mtu aliyezoea kushusha bei ya gunia atamshusha na binti yangu. Na chini ya mluzi ule hatutasikia anapotupunja. Bomba libadilishwe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Neema anasema inchi nane, tena lipindwe kona mbili. Kaka yangu Yona anasema weka kubwa, wageni wajue wamefika kwa watu. Fundi anasema zote zinawezekana.

Nimechagua kumi na mbili. Kikubwa hakikosi kazi. Na linyooke moja kwa moja, sebuleni hadi chumbani kwangu. Kona za nini, hewa si gari.

Jumatano, 15 Oktoba

Kimya kabisa. Raha. Nilijua.

Asubuhi nilikuwa bado kitandani, mlango umefungwa, Neema akapiga chafya sebuleni. Nikasema, "Afya." Akaitika, "Asante, mama." Nimefurahi kuona masikio yangu bado mazima.

Baadaye tukanywa chai, sisi wawili, kama kila asubuhi tangu baba yake afariki. Jumamosi hatukuitaja. Chai yangu ilipoa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Yona ndiye msemaji wetu. Mimi nitakaa chumbani, atakuja kushauriana nami. Ataanza na ng'ombe kumi. Nimemkataza kutabasamu. Akitabasamu tu, anaonekana mtu wa kukubali chochote.

Jumamosi, 18 Oktoba

Aibu. Aibu tupu.

Walifika sita, mashati yamenyooka. Soda zikanywewa. Yona akaomba ruhusa, akaja chumbani. Tukafunga mlango kwa ufunguo.

Nikamwambia yote. Ataje kumi, ila wakifika nne apokee kabla hawajabadili mawazo. Kwamba Elia nampenda, ana adabu kuliko yeye Yona. Kisha nikaanza kulia, sijui kilitoka wapi. Nikasema sitaki ng'ombe hata mmoja, Nzuguni nitawafuga wapi. Wakimchukua Neema, asubuhi nitakunywa chai na nani?

Yona akanipigapiga begani. Akakunja uso, akarudi sebuleni, akataja kumi.

Sauti ya Mzee Lukas ikashuka wazi kabisa juu ya kitanda changu.

"Ndugu yangu, sisi tumesikia nne."

Nikatazama juu. Wavu wa bomba ukanitazama. Ndipo nikaelewa ile chafya.

"Na chai pia tumeisikia," akaendelea. "Sasa sikilizeni. Nimekula udalali miaka mingi, lakini kwa bei niliyoisikia ukutani sijawahi kununua. Tutaleta kumi. Vijana wamepata nyumba Ipagala, si mbali. Na chai iingie kwenye mahari. Elia atamleta Neema kila Jumamosi asubuhi, na yeye mwenyewe atakunywa."

Nilikuwa nimelala kifudifudi, mto kichwani. Nikasema asante. Huko sebuleni wote sita wakaitika, "Karibu, mama."

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani nilikaa nyuma. Haikusaidia. Yona ameshausimulia mtaa mzima, na anaigiza mpaka kilio changu. Namchukia. Jumatano nitamsamehe, anakuja kula.

Neema hajacheka. Kaniwekea sukari nyingi kwenye chai na kukaa karibu zaidi. Hilo ndilo lililoniumiza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Fundi Musa amekuja na bomba la inchi nane na kona zake mbili za kuzuia sauti. Neema ndiye aliyemwita, anasema nyumba itatuaibisha tena.

Nilikuwa bado kitandani. Neema alikuwa sebuleni anakunja nguo, anaimba chinichini wimbo wa kwaya, pale pa sauti ya tatu anapopotea siku zote. Amepotea tena. Nimesikia kila neno.

Nimetoka kumwambia Fundi aache kwanza, arudi baada ya harusi.

Akasema inawezekana.