Jino la Mama Kinywani mwa Saebom

Nyumba Na. 904, Jengo la 3,
Duam-dong, Gwangju.
19 Oktoba 2025

Mpendwa Dada Ok-nam,

Amani ya Bwana ikufikie kabla ya barua hii. U hali gani huko Buenos Aires? Magoti yanasemaje? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za duka ukiwa umeshika ukuta kama mtoto anayeanza dede, na tangu siku hiyo kila alfajiri nikienda kanisani nakutaja wewe na magoti yako kwa majina. Na Shemeji Dong-sik, kikohozi kimempisha? Mwambie aache kiburi, avae skafu.

Sisi hatujambo. Baba Saebom mgongo unamsumbua kidogo, lakini anapiga kazi. Huku baridi imeanza kubisha hodi, na mapeasi ya Naju yameshachumwa. Najua huko kwenu ndiyo kwanza miti inachanua. Miaka thelathini na moja sasa, na bado sijazoea kwamba nikivaa sweta, dada yangu anavua.

Dada, ungependa nikupigie simu, najua. Lakini haya yananishinda kusema kwa mdomo.

Kwanza nakushukuru kwa picha. Bahasha ilifika mwezi wa nne ikiwa imekunjika pembe moja tu. Nilikuomba picha moja ya Mama akiwa anacheka, wewe ukanitumia kumi na moja pamoja na kikaratasi: “Nimepekua albamu nzima, anayocheka wazi sijaipata.” Nilipokisoma nilidhani macho yako yamechoka. Sasa nikueleze kwa nini niliitaka, maana sikukwambia ukweli wote.

Unakumbuka jino la Mama la chonge, lile la upande wa kushoto, lililopanda juu ya wenzake kama mtu aliyechelewa ibada akakosa kiti? Saebom amelirithi. Lile lile, upande ule ule. Lilipoota akiwa na miaka kumi nilijifungia bafuni nikalia kwa furaha, maana niliona Mama amerudi kupitia kinywa cha mwanangu. Nilikuwa nikimchekesha makusudi wakati wa chakula ili tu nilione.

Daktari wa meno alipompiga picha ya eksirei, alinionyesha jinsi meno yalivyobanana. Taya dogo, meno mengi, mswaki haufiki nyuma. Akasema atang'oa magego madogo manne ili mengine yapate nafasi, kisha amfunge vyuma kwa miaka miwili, na chonge litashuka mahali pake. Mimi nikamjibu, “Daktari, hilo chonge ni la bibi yake.” Akatabasamu, akasema, “Mama Saebom, basi bibi yake alipata taabu sana ya kupiga mswaki.”

Nilichukia. Nikarudi nyumbani nikasema tutangoja. Tukangoja miaka miwili, Dada. Kila Saebom alipouliza, nilimwambia ana jino zuri, jino la ukoo, asiwe na haraka. Kumbe shuleni walikuwa wakimwambia, “We Saebom, funga mlango, jino linatoroka!” Hakuniambia. Akaanza kucheka na kiganja mdomoni. Kwenye kwaya ya vijana nilimwona anaimba ameinamisha kichwa, nikadhani ni unyenyekevu. Nikamshukuru hata Mungu kwa unyenyekevu ule! Pasaka mwalimu wa kwaya akampa aimbe ubeti mmoja peke yake, akakataa, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango.

Picha niliitaka ili Saebom aone jino lile lilivyompendeza bibi yake, aache kuuliza; basi zako zikaja. Nilizipanga sakafuni kwenye chumba chenye joto, nikapiga magoti kama nachagua maharage. Harusi yako: Mama ameshika leso mdomoni. Ubatizo wangu: midomo imefumbwa. Siku Baba alipoleta trekta na kila mtu amekenua, hata mbwa: Mama ameweka kiganja. Picha kumi na moja, na katika zote jino halipo.

Saebom alikuja akachuchumaa kando yangu. Akazitazama moja moja bila haraka. Kisha akasema, “Mama, Bibi naye alikuwa anafunika.”

Nikamwambia, “Hapana, Bibi alikuwa anacheka sana. Akicheka hadi anashika ukuta.”

“Wapi?”

Nikafikiri. “Jikoni. Siku za kutia kimchi. Tukiwa sisi wenyewe tu.”

“Na wageni wakija?”

Nikaona kwa macho yangu Mama akisikia mtu anakohoa getini, na mkono wenye pilipili ya kabichi za kimchi ukipanda mdomoni. Hata pilipili haikumzuia! Nimeona jambo hilo mara mia na sikuwahi kuliona. Saebom akaniuliza tena, polepole, “Na hakuna aliyemuuliza kama anaumia?”

Wewe ulimuuliza? Mimi sikumuuliza. Nilikuwa napenda jino, sikumwuliza mwenye jino. Na kwa mwanangu nikawa nafanya vile vile. Asubuhi yake nilimpigia daktari.

Wakati huo jino moja la nyuma lilikuwa limeshaanza kuoza kwa kubanwa. Limezibwa, limepona. Lakini ile miaka miwili ni yangu, na nimeiungama mbele za Bwana, na leo naiungama kwako. Mtoto nilimwomba msamaha pia. Akasema, “Mama bwana, usilie kwenye basi, watu wanatuangalia.”

Vyuma vilifungwa mwezi wa sita. Meno yaling'olewa wiki ya mwisho ya Julai, mawili upande huu, na baada ya wiki mbili mawili upande ule. Nilishika miguu yake, maana mikono alikataa. Alipotoka alikuwa na pamba mdomoni na kijichupa kidogo mkononi. Aliomba meno yake apewe. Sikuuliza ya nini.

Nilimpikia uji wa mchele na mbegu za msonobari, ule Mama aliotupikia tukiugua surua. Waya ukikazwa, siku tatu hawezi kuuma hata tofu. Ngisi mkavu marufuku, mahindi ya kuchoma marufuku, kimchi cha figili nakikatakata kwa mkasi vipande vidogo kama vya kasuku. Baba yake akamtania, “Nyumba hii sasa tunafuga kifaranga.” Naye akamjibu kwa mdomo uliojaa nta ya kufunikia waya, “Kifaranga cha chuma, Baba, usikichezee.” Nikikata kwa mkasi namkumbuka Mama alivyokuwa akitutafunia karanga wewe na mimi tulipokuwa tunang'oka meno. Kutafuna kwa meno yale lazima kulikuwa kazi.

Sikukuu ya mavuno, Chuseok, tulikwenda Naju, kwenye nyumba yetu ya zamani. Shangazi Pil-nyeo yungali pale peke yake, themanini na nne, anachimba viazi vitamu mwenyewe na kumtukana kila anayejaribu kumsaidia. Tulitengeneza maandazi ya mchele, tukayapika kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Ya kwako tulikutengenezea matatu, tukayala kwa niaba yako. Baada ya ibada ya kumkumbuka Mama, Saebom akatoa kile kijichupa mfukoni. Akasema, “Shangazi, nyumba yetu ghorofa ya tisa haina paa la kurushia. Naomba hili.”

Shangazi akachungulia chupa. “Haya si meno ya utoto! Unataka kumwambia nini kkachi, ndege wa meno? Akuletee mengine?”

“Nataka kumwambia asilete. Nafasi hakuna.”

Shangazi alicheka hadi akakaa chini kizingitini.

Tukatoka uani. Unakumbuka sisi tulivyokuwa tukirusha, wewe ukinibeba mgongoni ili langu lifike, na jino likinasa kwenye majani ya paa, tukimwita kkachi achukue la zamani alete jipya? Sasa paa ni la bati la buluu, Dada. Saebom akarusha gego la kwanza: ka, ka, ka, ka, likaserereka, likarudi likatua kwenye kandambili ya Shangazi. “Kkachi amekataa!” Shangazi akapiga kelele. “Amesema mzigo huu rudisheni kwa daktari!” La pili likarudi pia. Kwenye mti wa jirani kweli alikuwepo kkachi mmoja, kifua cheupe kimetuna, anatutazama kama mzee wa kanisa anayetazama watoto wakikimbia kati ya viti.

Baba Saebom akaleta ngazi ya kuchumia mapeasi. Mtoto akapanda, Shangazi chini anamwelekeza kwa matusi: “Nyuma ya bomba la moshi, we mwana wa vyuma, nyuma!” Mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine umeshika jino. Na hapo, kati ya matusi na vicheko, naye akaangua kicheko, kinywa wazi, vyuma vinametameta juani. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, Dada. Hakuna uliobaki wa kufunika.

Nilikuwa na simu mkononi. Namshukuru Mungu nilikuwa na simu mkononi.

Jumapili iliyopita aliimba ubeti wake. Hakukosea hata neno, ila kwenye “s” vyuma vilipiga mluzi kidogo. Hakujali.

Msalimie Shemeji, wasalimie Jin-ho na mkewe, na wajukuu uwabusu wote bila upendeleo. Shangazi Pil-nyeo anasema uje kabla hajafa, kisha anasema hana mpango wa kufa, basi usikimbie sana. Bwana akulinde kutoka kwako na kuingia kwako, na akupe magoti ya kukuleta.

Picha nimeiweka humu ndani. Itazame vizuri upande wa kushoto. Chonge bado halijashuka, daktari anasema mwakani wakati kama huu litakuwa limekaa na wenzake, na hakuna atakayejua lilikuwa wapi. Lakini siku ile kwenye ngazi lilikuwa bado pale pale, na lilikuwa linacheka mbele ya watu. Iweke kwenye albamu ya Mama, baada ya zile kumi na moja.

Mdogo wako, akupendaye tangu mgongoni mwako,

Gwirye