Siku Uliporuka Darasani

Mjomba,

Sauti iliyonibaki ni makofi. Si kishindo chako ulipoanguka, hicho sikumbuki hata kukisikia. Makofi. Mzee Athumani, fundi wa magari wa mtaa wa Gerezani, ndiye aliyeanza, na darasa zima tukamfuata, tukicheka, huku wewe umelala sakafuni mbele ya ubao.

Tungejuaje? Neno la Kiingereza la jioni ile lilikuwa spring, na hukuwahi kulifundisha bila kuruka. Light ulilifundisha kwa kufungua dirisha, kisha kwa kunyanyua kigoda kwa kidole kimoja, ukasema nuru na wepesi si ndugu, ni wajina tu, “kama mimi na Saidi muuza kahawa.” Kwako neno halikuwa na maana nyingi, lilikuwa na watoto wengi, na kila mtoto lazima tumwone kwa macho. Kwa hiyo tulingoja uinuke utuambie huyu wa kulala ni yupi. Tulingoja, Mjomba. Tulingoja kweli.

Tulikuzika kesho yake adhuhuri. Nilikaa na akina mama, sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyezabwa kofi asijue kazabwa na nani. Ndipo Bi Kashindye, mtani wetu Mnyamwezi, akaingia amevaa koti lako. Koti lako! Mkononi kashika mwiko, akaugonga ukutani.

“Nyamazeni, wanafunzi wangu wajinga!” Akaruka, akajitupa chali mkekani. “Wazaramo hawa! Wenzao hufa wamelala, wao wanakufa wanaruka. Haya, nipigieni makofi, mbona leo mnaringa?”

Najua utani ni haki yake msibani, nimekua nikiuona. Sikujua unaweza kutia kidole penye kidonda chenyewe. Niliinuka nimvue lile koti. Kabla sijamfikia, nikamsikia Mzee Athumani pale uani. Ndiye aliyeanzisha yale makofi. Sasa alicheka. Kicheko kikamkatikia kooni kikawa kilio, na ndani ya kilio akasema, “Saidi, umetuacha katikati. Maji, chuma, majira… undugu wao hukutuambia.”

Hapo nililia.

Siku ya kuanua matanga kaka yako, Mjomba Rajabu, akatangaza kwamba chumba chako cha mbele, darasa letu, kitapangishwa kwa muuza viatu, na mabenchi yatauzwa. “Kiingereza cha nini siku hizi?” alisema. “Mkoloni keshaondoka, mnamsomea nani?” Wewe ungemjibu kama ulivyomjibu balozi wa nyumba kumi: spea bado zinakuja na maandishi yake, na fundi asiyesoma boksi hufunga breki kwa kubahatisha. Kukupoteza wewe sikuulizwa. Hili la chumba niliona naulizwa.

Ijumaa, kabla mpangaji hajaleta mzigo, nilihamishia kitanda changu chumbani kwako, nikakisukuma hadi ukutani, mabenchi nikayaacha palepale. Kisha nikawaita wanafunzi. Niliwaambia kwamba chemchemi ni maji yanayoruka kutoka ardhini. Yale majira ya kuchipua ya Ulaya ni majani yanayoruka kutoka udongoni baridi ikiisha. Springi ya gari ni chuma kinachoruka ukikiachia. Wote huitwa spring, na ni ndugu wa damu, mama yao ni kuruka. Mimi sikuruka. Hakuna aliyenidai.

Leo Mjomba Rajabu amekuja na muuza viatu wake. Wamenikuta nafundisha. Alitazama kitanda, akatazama watu walivyobanana.

“We binti, hapa umehamia au umefungua shule?”

“Shikamoo, Mjomba. Vyote viwili.”

Muuza viatu akasema kumbe chumba kina mwenyewe, akaaga. Mjomba Rajabu hakuitikia salamu yangu. Najua atarudi, na wazee wa familia.

Pumzika, Mjomba. Bado nashtuka nikisikia mtu amedondosha kitu. Lakini kila neno nitawapa pamoja na ukoo wake, na nisilolijua nitasema silijui, kama ulivyokuwa ukisema wewe. Wazee wakija watanikuta humu. Kazini nimeshaomba kutoka saa tisa niwahi darasa, wamenikubalia, na chumba nilichokuwa nimepanga Ilala nimeshakirudisha.

Mpwa wako,
Zainabu