Mbuzi wa Mzee Kimanzi na Watoto Wangu wa Nasari

Tseikuru,
Jumamosi mchana.

Kwa Mwaitu, mama yangu mpenzi,

Mutheu mdogo wangu, kabla hujaanza kumsomea mama, funga mlango kwanza. Soma pole pole, na usiruke mahali hata ukiona aibu.

Mama, hujambo? Mguu bado unavimba jioni? Na ile ng'ombe nyekundu, imezaa? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo tu kwa jua la huku, na maji ya chumvi nimeshayazoea. Barua yenu ilinifikia Jumatatu. Hapo mlipoandika ati Ndanu anachapwa kila siku huko nasari kwa kucheza na udongo, nilisoma mara tatu nikashindwa kula. Mtoto wa miaka mitano, mama! Mtoto wangu mimi!

Hujasahau nilivyofukuzwa kazi katika nasari hiyo hiyo ya Kabati. Mzee Kimanzi, mwenyekiti wa kamati ya nasari, alisimama mbele ya wazazi wote akamwaga chini vizibo vyangu vya soda, makopo na vitambaa nilivyofundishia, akasema hawakujenga nasari kwa harambee ili watoto wafundishwe kuchezea matope. Akaniita mwalimu wa matope. Watu wakacheka, na wewe ukainamisha kichwa. Wiki iliyofuata bibi ya kijana wake akapewa darasa langu na kiboko mkononi, watoto wakae wima waimbe a, e, i, o, u kutwa nzima. Siku ile niliapa huyo mzee nitamlipa. Usiniambie nisamehe. Mchungaji ameshaniambia na hakunisaidia kitu.

Sasa sikia Mungu alivyo mwema.

Jumatano Mzee Kimanzi alikuja huku kununua mbuzi. Alizunguka kwa watu wa hapa hapa, boma hii wawili, boma ile watatu, akawafungia katika zizi la soko linalopakana na nasari ninayofundisha sasa. Humo kulikuwa na mbuzi wa Bwana Abdi, mfanyabiashara aliyetoka nao mbali sana kaskazini. Kila mmoja aliwapaka wake rangi mgongoni wasije wakapotea. Lakini huku duka ni moja, na rangi iliyokuwako ni moja, nyekundu! Kulipokucha Alhamisi mbuzi wote walikuwa na alama ile ile. Waliowauza walikuwa wameshahamia malishoni na mifugo yao, hakuna wa kuulizwa. Wee! Walibishana mpaka fimbo zikainuliwa. Kulikuwa na beberu mmoja mnene, Mzee Kimanzi kamshika pembe, anaapa kwa jina la Mungu ni wake.

Watoto wangu wa darasani wakatoka kuchungulia. Mama, ujue mimi huwa siwapi jibu. Nawatengenezea punda wa mti, nampakia maji upande mmoja, anaanguka, nauliza tufanyeje. Nafunga kamba mafundo matatu, wafungue bila kukata. Wakikwama nawauliza neno moja tu, "Mmejaribu nini?" Basi wanajaribu, wanakosea, wanagombana, wanajaribu tena.

Kuna msichana anaitwa Kasyoka, mtoto wa mchunga mbuzi, kamasi haziishi puani. Alijipenyeza katikati ya wale wazee, akamkazia macho Mzee Kimanzi, akamwuliza, "Mmejaribu nini?"

Soko lote liliangua kicheko. "Toa mtoto huyu hapa!" mzee akafoka. Alikuwa hajaniona. Lakini Bwana Abdi aliinama akamwambia, "Hatujajaribu kitu, mama. Wewe ungefanyaje?"

Watoto wakanong'onezana. Mmoja akasema wapewe chumvi, mwenzake akamkatalia, mbuzi wote wanapenda chumvi. Mwishowe Kasyoka akasema, "Fungueni mlango. Za hapa zitaenda kwao. Zile zingine hazijui pa kwenda."

Wakafungua. Mbuzi wa hapa wakashika njia, hawa wakielekea mtoni, hawa kilimani, kila mmoja kwa boma aliyozaliwa, na vijana nyuma yao kuwarudisha. Wa Bwana Abdi walizunguka uwanjani kidogo, wakajilaza kivulini. Na yule beberu mnene alikuwa wa kwanza kulala.

"Nani amefundisha watoto hawa?" Bwana Abdi akauliza.

Nikajitokeza. "Ni mimi, mwalimu wa matope. Mzee Kimanzi ananijua vizuri."

Mama, ungeuona uso ule! Nikasimulia yote mbele ya soko, vizibo, matope, kiboko, wala sikuharakisha. Walimcheka mpaka akakosa pa kuweka mikono yake. Nilisikia utamu, sikufichi.

Jioni mzee alikuja mlangoni kwangu, kofia mkononi. "Mwalimu, ya huku yabaki huku. Mimi ni mtu wa kanisa." Nikamwuliza kwa nini wanampiga Ndanu. Nilitaka aniombe msamaha. Yeye akachangamka, akadhani amepata la kunifurahisha. "Ah, huyo! Siku hizi hachapwi tena. Ametulia. Ukimweka mahali anakaa hapo hapo, hata haulizi kitu. Amekuwa mtoto mzuri sana."

Hakujua amesema nini. Nilimfungia mlango usoni, nikakaa chini, nikalia kwa hasira.

Kwa hiyo hayatabaki huku, ng'o. Mkishaipata barua hii, Jumapili iliyo karibu, watu wakitoka ibadani, Mutheu aisome yote mbele ya wazazi, na Mzee Kimanzi awe amesimama hapo hapo. Akijaribu kuondoka, soma kwa sauti zaidi. Na Ndanu asirudi tena katika darasa lile hata siku moja. Mutheu amlete mpaka mjini Mwingi, nitampokea hapo.

Nisalimie mjomba Mutua na nyuki wake, na shangazi anayeuza vyungu sokoni. Bibi ya kijana wa Mzee Kimanzi usimpe salamu zangu.

Mama, yule mtoto alikuwa ananichosha na maswali. Kwa nini kuku hakojoi, kwa nini mwezi unatufuata, mpaka nikawa namwambia nyamaza. Mleteni upesi. Siku atakayonichosha tena, labda hapo nitamsamehe Mzee Kimanzi.

Ni mimi binti yako,
Mwende