Lori Nililolikataa

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa kaka yako.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Mke wako naye hajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama, aliyeteguka mguu, sasa ameanza kutembea bila fimbo. Bibi anauliza kila siku utarudi lini. Akijibiwa anasahau, anauliza tena.

Salamu zimekwisha. Sasa nikuambie kwamba nimekasirika, na aliyenikasirisha ni wewe.

Nilipopata leseni ya magari makubwa, wewe ndiye uliyejua kwanza, kabla hata ya Baba. Ukaniambia nisihangaike kutafuta kazi, utazungumza na rafiki yako wa zamani, Tajiri wa Matrela, uliyemwendeshea malori kabla hujasafiri. Nilikushukuru, na shukrani ile siifuti. Kiwanda cha magodoro nacho kilikuwa kimeniita, lakini mizigo yao ni ya hapa hapa mjini. Nikajiuliza, nani ataacha trela na barabara kuu akaendeshe magodoro? Nikaenda kwa Tajiri.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana wewe umesikia upande mmoja tu, tena kwa simu.

Asubuhi ya kwanza nililikuta trela limeshapakiwa saruji hadi juu. Nikalikagua kama tulivyofundishwa. Niliwasha injini, nikasubiri upepo wa breki ujae, nikakanyaga pedali na kuishikilia. Mshale wa geji ukaanza kushuka. Nikateremka, nikazunguka nyuma, nikasikia upepo unavuja. Bomba la breki lilikuwa limefungwa kwa kipande cha tyubu kuukuu, kama mtu anavyofunga kidonda kwa tambara. Nikamwita fundi. Akatazama chini, akaniambia nikifika kwenye mteremko niende taratibu kwa gia ndogo, wote hufanya hivyo. Mteremko ule unaujua kuliko mimi. Chini yake kuna soko.

Nikaingia ofisini, nikamwomba Tajiri kwa adabu bomba libadilishwe kwanza, nitasubiri hata kutwa nzima. Hakunikaripia. Alikuwa anakunywa chai, akacheka, akasema ajali haina kinga. Kisha akaweka kikombe chini.

“Baba yako mdogo hakuwa na maswali,” akaniambia. “Alikuwa anapewa ufunguo, anaondoka.”

Nikauweka ufunguo kando ya kikombe chake, nikatoka. Sikumtukana, sikubamiza mlango.

Kabla sijafika nyumbani alishakupigia. Na wewe, badala ya kuniuliza mimi, ukampigia Baba. Ukamwambia nimekuaibisha, mimi mwoga, wanawake na matrela ni mbingu na ardhi. Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote. Si wewe uliyeniweka kwenye usukani wa kile kigari chako kibovu kabla miguu yangu haijafika kwenye pedali? Wakati ule sikuwa mwanamke?

Tangu siku hiyo Baba akaacha kusema nami. Tunakula meza moja. Akitaka chumvi anamwomba Mama, na kibakuli cha chumvi kiko mbele yangu. Mama ananiomba kwa macho, nasogeza, maisha yanaendelea.

Wala usidhani lile trela lilipata ajali. Halikupata. Dereva mwingine alilichukua siku ile ile, akafika, akarudi, na tyubu yake pale pale. Yadi nzima ikanicheka. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kicheko kweli kimekuja, ila kinanicheka mimi. Kinyozi wa mtaani kwetu ameshanibatiza Dada Breki. Wacheke. Aliyefika salama hajanionyesha kwamba breki ni nzima. Amenionyesha kwamba siku ile bahati iliamka mapema.

Nimechukua kazi ya magodoro. Mshahara si wa kujivunia, safari ni fupi, na wenzangu wananitania kwamba hata nikipinduka nitalala pazuri. Lakini wameniweka na dereva mzee, mtu wa maneno machache, asiyekubali tutoke getini kabla hatujalizunguka lori pamoja. Siku ya kwanza taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa. Akasema tusubiri iwekwe nyingine, basi. Hakuna aliyecheka. Nilitaka kulia kwa hasira, Baba Mdogo. Kumbe inawezekana.

Sasa lile lililonikaa kooni. Ni kweli hukuwa na maswali? Au uliuliza, ukachekwa kama mimi, ukachukua ufunguo kwa kuwa nyumbani walikutegemea? Kama ni hivyo, niambie, na umwambie Baba. Sitakudharau. Ila kama uliyajua malori yale na ukanipeleka huko bila neno la kunionya, hilo sijui nitalisamehe kwa mlango gani.

Jana asubuhi Baba alikuja kiwandani. Hakunisalimu. Alilizunguka lori, akagonga tairi kwa kiatu, akapiga goti kuchungulia chini mpaka suruali yake safi ikashika matope. Kisha akasimama karibu na mlango wangu, akitazama pembeni.

“Hili breki zinashika?”

“Zinashika, Baba.”

Akajipangusa mikono, akaenda zake. Ndiyo maneno ya kwanza kuniambia tangu simu yako. Yaliyobaki ni yako wewe kuyasema. Mpigie.

Nisalimie mke wako na wale mapacha. Waambie dada yao anaendesha lori. Bibi anakuombea, Mama anakukumbuka. Mungu akulinde huko uliko, akupe na moyo wa kusema kweli.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
anayekupenda hata anapokukasirikia.