Nguo Niliyomshonea Mama

Alhamisi, baada ya isha.

Bila mimi kikao cha leo kisingefanyika. Hata daktari alinisubiri ndipo akaanza. Mtaa wetu mzima wa Nyamirambo unajua kwamba ningesoma, sasa hivi ningekuwa waziri wa afya.

Mama ameanguka mara mbili mwezi huu, kwanza akavunja mkono, kisha nyonga. Leo walikaa wote kando ya kitanda chake: daktari, nesi, mtu wa dawa na binti wa mazoezi ya viungo. Walibishana kama ndugu wanaogawana kiwanja. Wakaniuliza mambo ya nyumbani. Taa ya chooni iko? Iko. Sakafu inateleza? Hapana.

"Basi ni dawa ya presha," mtu wa dawa akasema. "Inampa kizunguzungu. Tuipunguze."

"Na presha ikipanda?" daktari akauliza.

Binti wa mazoezi akanigeukia. "Mzee, mukecuru, huyu bibi yetu, alikuwa amevaa nini alipoanguka?"

"Nguo ya kawaida tu."

Akaandika hivyo. Dawa wakaipunguza. Mama alinitazama, kisha akageukia ukutani.

Naogopa. Presha ikimpanda, nitakuwa nimeipandisha mimi kwa mdomo wangu.

Nguo ile nilimshonea mimi, ya Idi. Sikumpima, nilikata kwa urefu wake wa zamani, kumbe uzee umempunguza. Mara zote mbili alikanyaga pindo. Ya kwanza aliniambia, nikamjibu awe anaiinua kwa mkono. Niliona haya kukubali kwamba mimi, fundi, nimekosea kipimo cha mama yangu.