Siku Ulipowaita Ng'ombe Wako Marafa

Mume wangu Barisa,

Eda yangu ilikwisha juzi. Wanawake wa mtaa walikuja, wakaniogesha, wakanivisha dera jipya, wakanifukiza udi, wakaniambia sasa niko huru kutoka. Nilitoka. Nilifika hadi kwenye uzio, nikaiona barabara iendayo Malindi, nikarudi ndani. Ndipo nikakaa kukuandikia. Najua hukujifunza kusoma. Kila karatasi iliyoingia nyumba hii ni mimi niliyekusomea, nawe umefumba macho. Basi fumba macho, unisikilize.

Nataka kukukumbusha siku ya Marafa. Lakini siwezi kuanzia huko, lazima nianzie ukutani.

Kiangazi kile kilipomaliza ng'ombe wako wote, uliingia ndani, ukalala, ukaupa ukuta uso. Mvua ikanyesha, nyasi zikaota, wewe bado umelala. Watu wakija kukupa pole, uliwajibu kwa kichwa tu. Mama yako alikaa mlangoni na tasbihi yake, akikutazama mgongo. Nami niliolewa na mtu aliyekuwa akiwaimbia ng'ombe wakinywa maji, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Yule mtu sikujua amekwenda wapi.

Mimi Mpokomo, binti wa Idsowe, mtoto wa wakulima wa ndizi na mpunga, ningejua nini juu ya msiba wa ng'ombe? Nilichokijua ni baiskeli. Kwetu tulizipanda tangu wadogo, tukipeleka ndizi soko la Garsen. Nikaazima ya kaka yangu, nikaiegemeza mlangoni pamoja na yangu.

"Amka nikufundishe," nilikwambia.

"Hapana. Mwanamume wa Orma hapana panda chuma."

"Basi atakimbia nyuma yangu."

Uligeuka ukanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiangazi kunitazama usoni.

Ulianguka mno, Barisa. Ulianguka kwenye miba, ulianguka mbele ya soko la mifugo na wazee wenzako wanaona, ukainuka, ukakung'uta kikoi, ukaniambia nishike tena nyuma. Hata ukaja ukaweza kwenda bila kushikwa. Ndipo nikasema twende Gongoni kwa shangazi yangu, na kutoka Gongoni tukaone mahali ambapo ardhi imepasuka. Ulidhani natania. Wewe ulizaliwa kwenye tambarare. Shimo refu kuliko yote uliyoyaona maishani lilikuwa kisima.

Tulikwenda siku nzima hadi Gongoni, upepo unatupiga usoni, tukafika tumekauka midomo. Asubuhi yake tukaiacha lami tukashika njia ya vumbi. Ardhi ikaanza kupanda na kushuka. Hilo hukulizoea kabisa. Kwenye kila mwinuko ulishuka ukasukuma, jasho linakutiririka, ukinung'unika, "Nani ameweka mlima hapa? Alikuwa na kazi gani?" Nilicheka peke yangu. Wewe hukucheka bado.

Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipofika Marafa. Mwenyeji mmoja, Mgiriama mchangamfu, alikubali kututembeza. Alituongoza kupita nyumba na mashamba ya mahindi, na mara ardhi ikaisha. Chini yetu kulikuwa na korongo kubwa, kuta zake nyeupe, chini yake rangi ya waridi, chini zaidi nyekundu kama nyama mbichi, na nguzo za udongo zimesimama humo zimechongoka kama meno. Mimi mwenyewe nilishika breki ingawa baiskeli nilikuwa nimeshaiacha nyuma.

Wewe uliyewahi kumfukuza simba kwa fimbo, ulilala kifudifudi ukakamata majani kwa mikono miwili.

"Mimi hapana shuka hapo, Hawadhe. Mungu amefungua mdomo."

Mwenyeji wetu akachuchumaa kando yako, akakusimulia ili upumue. Akasema zamani palikuwa na mji hapo, na jamaa moja tajiri, ng'ombe wao hawana idadi, wakafikia kuoga maziwa badala ya maji. Mungu akachukizwa, akawazamisha na mji wao.

Ulimsikiliza hadi mwisho. Ukainua kichwa kutoka majanini.

"Walioga maziwa?"

"Maziwa."

"Mtoto wa jirani analala njaa, wao wanaoga maziwa?"

"Ndivyo tunavyohadithiwa."

"Basi hata mimi ningewazamisha!"

Na ukacheka. Ee Barisa, ulicheka ukiwa bado kifudifudi, mabega yanatikisika, mwenyeji naye akacheka, nikageuka pembeni wasinione machozi. Baada ya kicheko kile ulikubali kushuka. Ulishuka kwa makalio, kiatu kimoja mkononi, mkono mwingine umenibana bega hadi likaniuma siku zilizofuata. Kule chini ulisimama wima, ukazitazama zile kuta, ukasema neno kwa sauti, nadhani ulitaja jina la Mungu. Kuta zikalitaja baada yako.

Ulishtuka. "Nani huyo?"

"Ni wewe," nilikwambia. "Sauti yako imerudi."

"Kwetu ukiita, sauti inakwenda tu. Hapana rudi."

Kisha ukaweka viganja mdomoni ukaita kwa ule wito wako wa visimani. "Dima!" Yule mwekundu, aliyekufa wa kwanza. Na korongo likaita, Dima. "Gurati!" Yule mweusi aliyekuwa akikufuata kama mbwa. Uliwaita wote, mmoja baada ya mwingine, nami sikujua kwamba kila mmoja alikuwa na jina. Mwenyeji wetu alivua kofia yake. Ulipomaliza, uliketi mchangani ukalia kama mtoto, kwa sauti, bila kujificha. Nilikaa nyuma yako nikakushika.

Tulipanda juu jua likizama. Ulisema, "Nimewazika." Kisha ukasema una njaa.

Tangu hapo ulirudi kuwa wewe mwenyewe. Ulianza kukusanya maziwa kwa wale ambao ng'ombe wao walisalia, ukayafunga kwenye keria ya baiskeli, ukayaleta Garsen kila asubuhi. Ulipiga kengele ukikaribia nyumba hata kama njia ni tupu. Uliongea tena usiku. Uliniambia utanunua mtamba mmoja, na jina nitalitoa mimi.

Lori lilikukuta kwenye kona ukielekea sokoni. Halikusimama. Waliokuja kuniita walinishika mikono tu, nikajua. Maziwa yalikuwa yamemwagika lami nzima, na baiskeli ya kaka yangu sikuitambua.

Hili ndilo linaloninyima usingizi, mume wangu. Ni mimi niliyekupandisha. Wewe ulisema hapana, mimi nikakuchokoza hadi ukaona aibu. Kwenye matanga niliwasikia wanawake wawili nje ya dirisha: "Angebaki Muorma akatembea kwa miguu, angekuwa hai. Chuma cha Mpokomo kimemuua." Nami nilikuwa nimeshajiambia hayo hayo.

Aliyewajibu ni mama yako. Unajua hakuwahi kunipenda. Alikusihi usioe kwetu, na miaka yote hiyo aliniita "huyo". Siku ile aliinuka na fimbo yake akatoka nje.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Mwanangu alikuwa amelala ameupa ukuta uso. Mlikuja, mkala, mkaondoka. Ni nani kati yenu aliyemwinua?"

Akarudi ndani, akaketi karibu yangu, goti lake likagusa langu. Baadaye aliniuliza kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: "Huko mlikokwenda, ni kweli alicheka?"

"Alicheka, mama."

"Sana?"

"Sana."

Akafunika uso kwa shungi, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Ndugu zangu wa Idsowe wamekuja kunichukua nirudi kwetu. Nimewaambia wasubiri. Macho ya mama yako yamekwisha, hawezi kuwasha moto peke yake, na nikitoka anauliza nimekwenda wapi. Ananiita mwanangu sasa. Ningeliacha jina hilo na mengine yote niliyonayo kama ungerudi ukaniita upendavyo.

Sijapona, Barisa. Wasikudanganye huko. Kila asubuhi napika chai ya watu watatu, mkono wangu umekataa kujifunza. Mama yako anakunywa kikombe chake, kisha anapapasa mpaka akipate chako, anakinywa nacho.

Lala salama, mpenzi wangu, Mungu akuweke pema.

Ni mimi mkeo,
Hawadhe