Mablanketi Matatu na Dirisha

Mjukuu wangu Keza,

Huku Gisenyi tu wazima; babu yako hukohoa tu akitumwa maji. Unaniuliza umfunike vipi mgonjwa anayetetemeka ndani ya ambulensi.

Nilipokuwa nesi mpya, tulimteremsha mama mmoja kwa ambulensi kutoka mlimani Mudende, amevunjika mguu, mvua inanyesha. Nilimfunika mablanketi matatu, kisha koti langu. Bado alitetemeka. Nikaogopa atanifia njiani, nikaanza kusali kwa sauti.

Akafungua jicho moja. "Mutoto wangu, Mungu anasikia. Lakini dirisha iko wazi nyuma yako."

Nilikuwa nimelifungua mwenyewe, kwa sababu ya kichefuchefu changu cha safari. Nikalifunga.

Tangu siku hiyo nilimuuliza kila mgonjwa baridi inamwingilia wapi. Mama yule alifika hospitali amepata joto, na ndiye aliyenishikia beseni nilipotapika.

Bibi yako